Vita vya Kashojwa na Kifuniko cha Buluu

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa kitenge, keki na saa ya ukutani. Kitenge nimeshakishona. Saa nimeitundika hapa Nyamityobora, mjini Mbarara, sebuleni kwa binti yangu Deborah, na kila nikiitazama nacheka, maana nyinyi ni watu wa kwanza kumpa saa mtu asiye na mahali pa kuwahi. Mliniomba pia niandike machache juu ya kazi yetu ya ukalimani, ili wanaoanza wapate pa kuanzia. Haya, nimeandika. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuwa viwili tu, na cha pili kilinikuta nimechoka. Nitasema juu ya neno moja mtakalolisikia kila siku mezani, neno "vita", na juu ya mwanamke mmoja ambaye mimi, kwa kalamu yangu, nilimhamisha kutoka kwake kwa sababu ya neno hilo. Jambo hilo nimelibeba miaka kumi na tisa. Afadhali mlisikie kutoka kwangu.

Nilifika kambi ya Nakivale, hapa Uganda, nikiwa mkimbizi, kama wengi wenu. Kule Uvira, Congo, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Ndiyo elimu iliyonipa kazi. Afisa wa dawati la malalamiko pale Base Camp alitaka mtu wa kusikiliza Kiswahili cha Wakongomani na kukiandika kwenye fomu za Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma peke yangu, chenye maneno mengi ya Biblia na machache ya ofisini, lakini afisa aliutazama mwandiko wangu akasema nianze Jumatatu.

Siku ya kwanza niliharibu kabla ya saa nne. Mzee mmoja aliulizwa umri wake, na kwa kuwa alikuwa jirani yangu na nilimjua vizuri, nikamjibia mimi. Kisha akaulizwa idadi ya watoto, nikajibu pia, nikaongeza na majina yao. Aliyekuwa ameketi pembeni kunifundisha aliweka kikombe chake chini taratibu.

"Nyabo," akaniambia, yaani mama kwa Kinyankore, "huyu mzee ni wewe ulimzaa?"

Huyo ndiye Afande Byaruhanga, mwalimu wangu. Alikuwa Mnyankore, mwanajeshi mstaafu, na Kiswahili alikiokota kambini. Kiswahili chake hakikuwa na ngeli wala huruma. Lakini sijawahi kuona mtu anayesikiliza kama yeye. Alinifundisha kuketi mahali ambapo ningewaona wote wawili bila kuwa karibu zaidi na mmoja wao. Alinifundisha kubeba kalamu mbili, moja ya kuandikia na moja ya kuazimwa isirudi. Alinifundisha kuweka chupa ya maji upande wa mteja, si upande wangu, kwa sababu mtu anayelia huona aibu kuomba maji. Mpaka leo nikiona chupa imewekwa upande wa mkalimani moyo unanichafuka, na mnajua kwamba nimewasumbua sana kwa jambo hilo.

Sasa neno lenyewe. Sisi tuliotoka Kivu ya Kusini tumeliishi neno vita mpaka limekuwa kama sufuria ya nyumbani, linapikiwa kila kitu. Kwanza ni kalenda yetu. Muulize mama tarehe ya kuzaliwa kwa mwanawe, atakwambia alizaliwa mu vita ya kwanza, au alikuwa anatambaa mu vita ya pili, na wewe ukae na vidole vyako uhesabu. Halafu ni ugonjwa. Mzee atakwambia yuko mu vita na mugongo wake tangu mvua zianze. Kanisani ni maombi: sisi Waprotestanti tukifunga siku tatu tunasema tuko mu vita. Watoto wakisukumana shuleni wanafanya vita. Foleni ya maji ikivurugika ni vita ya robine, yaani ya bomba. Redioni wanasema tupige vita malaria, na bibi mmoja wa kijiji cha Rubondo alikuwa akiisikia anaitikia "amina".

Waganda walitucheka kwa hili. Polisi mmoja alikuwa akipita dawatini kwetu anasema, "Nyinyi watu ya Congo, kila kitu vita, vita. Nani amepiga nani? Damu iko wapi?" Afande hakucheka. Aliniambia nisimcheke mtu kwa neno analolitumia, ila nisiliandike kabla sijajua anabeba nini ndani yake.

Sababu ni kwamba ofisini kila neno lilikuwa na njia yake. Ukiandika "shida", fomu ilikwenda kwenye droo ya chini, ambayo ilikuwa haifunguki vizuri, na hakuna aliyehangaika kuitengeneza. Ukiandika "ugomvi", ilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na watu wakaitwa wakaongea. Ukiandika "vita", ilikwenda usalama. Na usalama wakati ule hawakuwa na mchezo. Mtu aliye katika vita na jirani yake huweza kufa, kwa hiyo alihamishwa, mara nyingi mpaka Oruchinga, kambi ndogo iliyo katika wilaya ileile ya Isingiro.

Kanuni ya Afande ilikuwa moja. "Mutu akisema vita, wewe hapana andika. Kwanza enda kwa nyumba yake. Ona jiko." Nilimuuliza jiko lina nini. "Jiko haiongopi," akasema, basi. Nilidhani ni mazoea yake ya kijeshi ya kupekua nyumba za watu, nikaipokea kanuni kwa heshima bila kuielewa.

Mwaka wangu wa tatu, msimu wa mvua, Afande aliugua akarudi kwake Mbarara. Nikabaki peke yangu mezani. Nitasema kweli: nilifurahi. Mwandiko mzuri, kalamu mbili, na hakuna mtu wa kuweka kikombe chini taratibu.

Juma la pili akaja mama mmoja wa kijiji cha Kashojwa, mjane, mkulima, anaitwa Mama Riziki. Alikuwa amelowa na kaniki yake imejaa tope hadi magotini. Hakuketi.

"Andika," akaniambia. "Niko mu vita na ule mama wa ngombe."

"Mama yupi?"

"Mama Byamungu. Mupaka yangu na yake ni jiwe moja tu. Ngombe yake imekula maharagi yangu tena. Mara ya tatu, mama. Namuambia, ananiletea mudomo. Mwaka muzima hatusalimiane. Nimechoka naye."

Nilimuuliza wanatoka wapi. Wote wawili walitoka milima ya Itombwe, mlima mmoja, soko moja. Mama Riziki upande wa wakulima, Mama Byamungu upande wa wafugaji. Wadogo zangu, mnajua watu wa huko wamefanyiana nini. Nilipoandika mstari huo niliona jambo lote limekaa sawa: mkulima na mfugaji, mlima uleule, vita vimewafuata mpaka Uganda. Fomu ilikuwa na swali la mwisho, kama mlalamikaji yuko tayari kuhamishwa kwa usalama wake. Nikamsomea.

"Hata leo!" akasema. "Anihamishe hata leo nisione sura yake."

Kila mtu mwenye hasira hujibu hivyo. Mimi mwenyewe nimeshamwambia marehemu mume wangu maneno makubwa kuliko hayo, na tukala pamoja jioni. Lakini siku ile nje kulikuwa na mvua, njia ya Kashojwa ilikuwa matope matupu, na nilikuwa na viatu vipya. Sikwenda kuona jiko. Niliandika "vita", kwa mwandiko mzuri, na chini yake nikaongeza kwa Kiingereza changu cha Biblia kwamba maisha ya huyu mama yamo katika bonde la hatari. Hakusema hivyo. Niliongeza mimi.

Fomu ilikwenda haraka. Baada ya wiki mbili nikaitwa asubuhi kwenda Kashojwa kukalimani wakati wa kuhamisha. Gari la mizigo lilikuwa limeshafika. Mama Riziki alikuwa na watoto wake wawili, godoro, mbuzi mmoja, masufuria yamefungwa kwenye shuka. Nilimuuliza kama kuna la kuwaambia maafisa, akatikisa kichwa. Nilimwona anaangalia majani ya maharagwe yake, kisha anaangalia upande mwingine. Akapanda.

Dereva alipokuwa anafunga nyuma, nikamwona mama mwingine anakuja kutoka nyumba ya pili, mrefu, kitambaa cheupe kichwani. Mkononi alishika kifuniko cha sufuria, cha buluu, kimegeuzwa juu chini kama sahani. Juu yake kulikuwa na makaa ya moto matatu au manne, yanafuka moshi. Alitembea polepole ili yasidondoke. Alifika kwenye jiwe la mpakani, akainama, akakiweka kifuniko juu ya jiwe, akarudi hatua mbili, akasimama. Hakumsalimia mtu. Mama Riziki alikuwa anamtazama kutoka juu ya gari. Gari likaondoka na makaa yakabaki pale kwenye jiwe.

Nikamwendea. "Mama, huu moto ni wa nani?"

"Ni wake," Mama Byamungu akajibu, kama vile nimeuliza jua ni la nani. "Leo yangu njo ililala. Ile siku yake inalala, ananiletea. Ile siku yangu inalala, namuletea."

Tulio wa nyumba za kuni tunaelewa. Moto ukifunikwa vizuri usiku unaweza kulala na majivu mpaka asubuhi, na moto wa jirani ukizima anakuja kuomba. Hawa wawili walikuwa wanapeana moto kila asubuhi, kwa kifuniko cha Mama Riziki, juu ya jiwe la mpaka, ili wasilazimike kusalimiana. Mwaka mzima.

"Lakini yeye alisema muko mu vita," nikamwambia.

"Tuko mu vita. Ngombe yangu ilikula maharagi yake, na yeye alitukana mama yangu. Sasa vita inakataza mutu kupika?"

"Kwa nini hamkusema ofisini?"

Akanitazama juu mpaka chini, akaishia kwenye viatu vyangu. "Hamukuuliza moto," akasema. "Muliuliza vita."

Alibeba kifuniko akarudi nacho kwake, na makaa juu yake. Nilisimama pale mpaka afisa akaniita mara mbili. Nilikuwa na aibu ambayo sijawahi kuipata tena, na nimewahi kuanguka kanisani mbele ya watu wote siku ya Pasaka.

Jumamosi yake nilipanda gari kuja Mbarara, nikamtafuta Afande hapa hapa Nyamityobora, nyumba ya tatu kutoka hii ninamoandika. Alikuwa kitini, amejifunika blanketi mchana kweupe, amekonda. Nikamwambia kila kitu. Alisikiliza kama kawaida yake, macho chini.

"Jiko uliona?"

"Hapana, Afande. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Mvua," akasema. "Mvua inanyesha mupaka ndani ya jiko?"

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza, lakini alisogeza chupa ya maji ya mkewe upande wangu. Halafu akasema, "Sikia, nyabo. Karatasi imekwenda, hairudi. Lakini wewe bado iko na miguu. Kuanzia sasa, jiko. Unaona mwenyewe."

Nilirudi nikajaribu kuirudisha ile karatasi hata hivyo. Niliandika barua mbili, nikamwomba afisa, nikasubiri mlangoni kwake. Alikuwa mtu mwema na alinieleza kwa upole: kiwanja cha Mama Riziki kilikuwa kimeshapewa familia ya watu saba waliofika juzi kutoka mpakani, na hao nao hawawezi kulala barabarani. Nilimuuliza kama kuna fomu ya kusema vita vimekwisha. Akatafuta kwenye rafu kwa uaminifu kabisa. Haikuwepo. Fomu ya kuanzisha vita ilikuwa na kurasa nne.

Tangu siku hiyo niliona majiko ya watu wote. Mnanikumbuka na mabuti yangu ya mpira, mkinicheka. Wanaume wawili wa kijiji cha Juru, ndugu wa baba mmoja, walikuja kila mmoja akitaka niandike vita. Nikaenda. Kwa mmoja nikakuta vikombe viwili pembeni mwa jiko na kigoda cha yule mwingine, kimechongwa jina lake. Nikaandika "ugomvi". Walinikasirikia wote wawili, na hiyo ikawa mara yao ya kwanza mwaka ule kukubaliana juu ya kitu. Msidhani pia kwamba kila jiko lina habari njema. Nilimtembelea mama mmoja aliyekuja mezani akisema ana "shida kidogo" na jirani. Jiko lake lilikuwa ndani ya chumba cha kulala, mlango umezibwa na gogo, na juu ya hema palikuwa na tundu lililoungua, maana yule jirani alikuwa amemrushia moto badala ya kumpa. Huyo niliandika vita kwa herufi kubwa, na nilikaa mlangoni kwa afisa mpaka gari likapatikana. Neno la mtu ni mlango tu. Lazima uingie uone.

Nilikalimani pia Mbarara, hospitalini na mahakamani. Mahakamani niliona hakimu anauliza nani alianza, na watu wawili wote wanaanza hadithi tangu kwa babu zao. Hospitalini nilijifunza kukaa kimya, kazi iliyo ngumu kuliko zote kwa mwalimu wa zamani. Lakini hayo mtayajua wenyewe. Afande alifariki mwaka wa pili baada ya ile Jumamosi. Kalamu niliyomwazima hakunirudishia, na nilifurahi kuiona mfukoni mwa koti lake siku ya maziko.

Mtaniuliza kama nilikwenda Oruchinga. Sikwenda. Kanuni ya kazi inasema mkalimani asimtembelee mteja baada ya faili kufungwa, nami niliishika kanuni hiyo kwa nguvu kuliko zote. Ni kanuni nzuri. Nilijificha nyuma yake miaka kumi na tisa. Siku hizi nadhani Afande aliposema bado nina miguu, hakuwa anazungumzia majiko ya Juru.

Siku mliyonipa saa, kanuni ilikwisha. Wiki iliyofuata nikaenda Kashojwa kwa pikipiki, mvua ikinyesha, kwa viatu nilivyokuwa navyo. Mama Byamungu amezeeka, mgongo umeinama, ng'ombe amebaki mmoja. Alinitambua.

"Mama Deborah wa biro," akasema. "Umekuja kuandika nini tena?"

"Sijaja kuandika. Nimestaafu. Nimekuja kuuliza moto."

Akaingia ndani. Akatoka na kile kifuniko cha buluu. Rangi imebabuka, na pale kishikio kilipong'oka zamani mtu ameziba tundu kwa kipande cha gunzi. Akakipangusa kwa upindo wa kitenge chake.

"Hii njo yake. Mimi siko mwizi. Umupelekee."

"Miaka yote hii umekiweka?"

"Ningeiweka wapi? Bale ba mupya ba kiwanja yake, batu bazuri, lakini bako na kiberiti yao. Bananisalimia kila asubui, 'jambo mama, jambo mama.' Halafu?" Akatazama lile jiwe. "Hapa hakuna mwenye anajua mto ya kwetu. Yeye alikuwa anaujua. Tulikuwa tunatukanana na majina ya kwetu."

Nikafunga kifuniko kwenye leso, nikaenda Oruchinga kesho yake. Niliuliza mara tatu nikafika. Mama Riziki alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua mahindi, mvi kichwa kizima. Watoto wake wameoa, na kiwanja chake ni kizuri, ninawaambia ukweli, kizuri kuliko cha Kashojwa. Hakunitambua mpaka nilipotaja jina. Nikapiga magoti pale kwenye maganda ya mahindi nikamwambia: Mama, mimi ndiye niliyeandika. Sikuja kuona jiko lako, kwa sababu ya mvua na viatu vipya. Na niliongeza maneno ambayo hukusema. Naomba unisamehe.

Alikuwa anatazama leso. Nikaifungua.

Akakichukua kifuniko kwa mikono miwili. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye lile tundu lililozibwa.

"Nani alitia hii gunzi?"

"Nadhani ni yeye."

"Ametia mubaya," akasema. "Amekuwa nayo miaka yote?"

"Anasema ni ya kwako, na yeye si mwizi."

"Na moto?"

"Moto ungezimika njiani, mama."

Alicheka, na machozi yakamtoka wakati uleule, akayaacha yashuke. "Hapa kila mutu iko na kiberiti yake," akasema. "Hakuna mwenye anaombaka moto. Bananisalimia vizuri, hatuna vita na mutu. Niko fasi ya kimya sana, Mama Deborah." Kisha akajipangusa uso kwa kiganja. "Sikia. Umwambie ule mama wa ngombe, vita yetu haiyaisha. Maharagi yangu alikula mara tatu na hajasema hata neno. Aje hapa tuimalize sisi benyewe, kabla mumoja hajakufa. Umwambie sawa vile nimesema."

Mkono wangu ulikwenda mfukoni kutafuta kalamu, kwa mazoea. Akanishika kiganja.

"Usiandike," akasema. "Sema tu."

Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho, wadogo zangu, na niliifanya jinsi Afande alivyonifundisha, bila kuongeza wala kupunguza. Jioni ileile nilisimama kwenye jiwe la mpaka Kashojwa, nikamwambia Mama Byamungu neno kwa neno: vita yetu haiyaisha, maharagi mara tatu, hajasema hata neno, aje tuimalize.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

"Mara tatu ni bongo, anadanganya," akasema. "Ilikuwa mara mbili, na ya pili ilikula majani tu. Huyu mama hajabadilika." Akageuka, akaanza kufungua ndoo, kuinua mikeka, kusukuma mlango kwa goti. "Gari ya Oruchinga inatokaka saa ngapi asubui? Na viatu vyangu viko wapi? Namuendea nimwambie ilikuwa mara mbili."